Matoka Niliyoyaita Mpaka

Kwako Marigu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa nywele Runyenjes, umesema utarudi kabla giza halijaingia. Nimekaa mezani na karatasi za mistari zilizobaki tangu nistaafu, na kila pikipiki inayopanda mlima wetu nadhani imekubeba wewe, basi naifunika barua kwa gazeti. Mwanamke mzima, mwalimu wa miaka yote hiyo, naficha maandishi kama mtoto anayeibia mtihani. Nataka uisome ukiwa umeshafika huko, kwa hiyo nitaiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya shuka, mahali ambapo hutafika mpaka siku ya pili au ya tatu kwa jinsi ninavyokujua.

Sitakuandikia habari za sweta na dawa ya mbu. Hayo nimeyasema wiki nzima na umeyaitikia yote bila kuyasikia. Hili nililo nalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Ulipopigiwa simu kwamba umepata kazi ya ukarani kwenye timu ya mipaka, nilifurahi kweli. Ulikuwa umetarmaka miaka mitatu ukitafuta kazi, viatu vimeisha, bahasha zimeisha, na wewe mwenyewe ulikuwa umeanza kuisha. Nilipiga magoti pale jikoni nikashukuru. Halafu wiki iliyopita ukaja na karatasi inayosema utapangiwa wapi, ukaisoma kwa sauti, na nikasikia Kamuthiga. Mtakusanya maoni ya watu kuhusu mipaka ya wadi, na wewe ndiye utakayeandika wanayosema. Uliniuliza, "Mum, hapo si ndio kwenu?" Nikakujibu ndiyo, nikatoka kwenda kukamua ng'ombe. Ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa. Nilikaa zizini tu, mpaka baba yako akaniita.

Ndiyo, hapo ndipo kwetu. Ukisimama kwenye mstari wa mwisho wa kahawa yetu unaona mabati yao kule chini, mahali ambapo udongo unabadilika rangi na miti inakuwa mifupi yenye miiba. Mimi ni mtoto wa Mbeere niliyeolewa huku Karurini kwa Waembu. Hilo unalijua. Unajua pia kwamba huko ndiko anakoishi Njeru, ndugu yangu wa pekee, mjomba wako, ambaye tangu uwe mtu mzima umemwona labda mara mbili. Ulikuwa na macho ya kutosha kuona kwamba siku ya mahari ya dada yako kiti cha mjomba kilikaa kitupu, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Mbuzi wa mjomba alifungwa nje akalia siku nzima bila mwenyewe. Nilikwambia Njeru ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikataa kuja, na alikuwa na haki.

Nianzie mbali kidogo, maana nisipoanzia huko hutaelewa.

Ulikuwa mtoto wa mgongoni. Mwaka huo mvua ilikosa misimu miwili, na shamba letu hili dogo tulikuwa tumelijaza kahawa lote, kwa ujeuri wetu wa watu wa mlimani, tukidhani chakula ni kitu cha kununuliwa tu. Tulilala njaa, Marigu. Njeru akasikia. Akapanda hapa asubuhi moja na jembe begani, hata chai hakunywa, akanichukua mpaka juu ya kile kilima kinachotutenganisha na Kamuthiga, ukingoni mwa shamba lake, akaniambia, "Kuanzia hapa kuelekea kwenu, lima kunde na ndengu zako. Sijakuazima. Nimekupa."

Kisha akafungua gunia. Ndani mlikuwa na matoka, yale mayungiyungi yenye majani mapana tunayopanda mpakani. Alikuwa ameyachimba kando ya mto, nyumbani kwa mama yetu. Tuliyapanda sisi wawili, mimi nikiweka tunguu shimoni, yeye akishindilia udongo kwa kisigino. Alisema anataka watoto wake na watoto wangu wasije wakagombana sisi tukiwa hatupo. Huku kwetu matoka hayang'olewi. Hata kichaa hayang'oi. Ukiyakuta yamejipanga kwa mstari, unajua kuna watu wawili walisimama hapo wakakubaliana, na huulizi zaidi.

Kunde za shamba hilo ndizo zilizokufanya ukatembea. Nilizila, nikapata maziwa, ukanyonya.

Miaka ikapita. Ikaja katiba mpya, zikaja habari za kaunti, na watu wakaanza kuzungumza juu ya wadi hata kwenye foleni ya kupima kahawa. Zamani sisi na Kamuthiga tulikuwa tunachagua diwani mmoja. Walikuwa wengi kuliko sisi na walikuwa wakipiga kura kwa sauti moja, kwa hiyo diwani alitoka kwao mara mbili mfululizo. Hakuwa mtu mbaya. Lakini greda ya kutengeneza barabara ikishuka kwao watu wa huku walihesabu siku ilizokaa, na ikija kwetu hakuna aliyehesabu.

Siku moja mzee Nyaga, yule mwenyekiti wa kamati ya kijiji unayemjua, alikuja hapa na wenzake wawili. Nakumbuka alivyokaa, kofia gotini, akimwangalia baba yako lakini akisema na mimi.

"Mwalimu," akasema, "tukiendelea kukaa na hawa watu wa chini, sisi tutakuwa tu wa kupiga makofi. Hawa kaunti wakianza, pesa itakuwa inakuja kwa wadi. Itashuka yote huko kwa mbuzi. Timu ya mipaka inakuja wiki ijayo. Tunataka tukatwe tuwe wetu."

"Na wao waende wapi?" nikauliza.

"Waunganishwe na Mbeere wenzao huko chini. Si ni watu wao?"

"Na mimi nafanya nini hapo?"

"Wewe unaandika memoranda ya maombi yetu, na unaisoma. Mwandiko wako ni safi. Na wewe umezaliwa huko. Wewe ukisema, nani atabisha?"

Ningependa kukuambia kwamba nilikataa, au kwamba baba yako alinilazimisha. Hakunilazimisha. Mimi nilisema nitafikiri, na kabla hawajafika barabarani nilikuwa nimeshaanza kupanga sentensi ya kwanza.

Utaniuliza kwa nini, na nimejiuliza hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa Karurini karibu miaka ishirini na bado nilikuwa "yule wa Mbeere". Kwenye kikundi cha akina mama, nikichelewa, walisema huyo anatembea na jua la kwao. Nikipika ndengu, walicheka kwamba hata kanisani nitawapikia ndengu. Utani tu, na mimi nilicheka nao. Lakini nilichoka, mwanangu. Halafu wazee watatu wakaingia nyumbani kwangu wakasema "sisi", na ndani ya hiyo sisi nilikuwamo. Nilifurahi. Niliwauza wa kwetu kwa neno moja hilo, na nakwambia bila kulipaka sukari.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, huku kwetu. Kamati ilichagua siku ya soko kwa makusudi, ili watu wa chini wawe wamepeleka mbuzi sokoni. Hata hivyo walikuja kama kumi na watano, kwa miguu, wakiwa na vumbi mpaka magotini, na Njeru alikuwa mmoja wao. Mimi ndiye niliyekuwa na orodha ya wasemaji. Niliwaandika wote, sikumwacha mtu nje, ili kesho na keshokutwa nisije nikaambiwa nilimnyima mtu nafasi. Niliwaandika mwisho. Nilijua timu ilitaka kuondoka kabla ya mvua, na mawingu yalikuwa yameshafunga mlima. Wasemaji wa Karurini walikuwa tisa na kila mmoja alianza kwa kusalimia watu kwa jina la Bwana. Mvua ilipoanza kudondoka kwenye mabati, mtu wa kwanza wa Kamuthiga, mama mmoja mwenye kitambaa cha buluu, alikuwa ndiyo kwanza ameitwa. Alisema maneno mawili matatu juu ya shule, hayakusikika kwa kelele za mvua, akaketi. Sijui alitaka kusema nini. Mpaka leo sijui.

Nisamehe kwa mistari hii iliyopinda. Baba yako aliingia kuchukua kisu cha kupogolea na nikaegemeza kiwiko juu ya karatasi. Ametoka.

Memoranda yangu ndiyo iliyofunga mkutano, na nilipoisoma msichana mmoja wa timu, wa umri kama wako sasa, aliuliza mpaka wetu wa asili ni upi. Nilikuwa nimelitegemea swali hilo. Nilisema kuna matoka juu ya kilima, yaliyopandwa zamani kutenganisha watu wa mlimani na watu wa chini. Akasema angetaka kuyaona. Mvua ilikuwa imepungua, tukapanda, kundi zima, viatu vikishika matope.

Tulifika. Yale matoka yalikuwa yamenenepa na kujaza mstari wote, yanapendeza kuangaliwa. Msichana akauliza, "Yalipandwa na nani?"

Nikasema, "Na wazee wetu."

Akaandika. Kisha akageuka, sijui kwa nini alimchagua yeye kati ya watu wote, akamuuliza Njeru, "Mzee, ni kweli?"

Njeru alinitazama. Alikuwa amevua kofia kwa heshima ya wageni, na maji yalikuwa yakimtiririka usoni. Alinitazama muda mrefu kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie alichoanza kusema. Sikumalizia. Basi akamwambia yule msichana, "Mwalimu ameshasema. Yeye ndiye amesoma."

Nimemlaumu kwa maneno hayo miaka mingi, eti si angesema ukweli, mbona alinyamaza. Lakini angesemaje? Kusema yalikotoka matoka kungekuwa kuwaambia watu wote kwamba dada yake alikuwa na njaa, akampa shamba, naye dada amelichukua shamba hilo na kumpiga nalo. Kungekuwa kunivua nguo mbele ya wageni na wakwe zangu. Njeru si mtu wa kufanya hivyo. Mimi nilijua si mtu wa kufanya hivyo, na ndiyo sababu nilithubutu.

Na usidhani niliona aibu hapo hapo. Niliendelea kuvuna kunde za shamba hilo misimu miwili zaidi.

Ramani ilipotoka, ilikuwa kama tulivyoomba. Kamuthiga wakawekwa kwenye wadi ambayo ofisi yake iko mbali huko chini, magari mawili kwenda na mawili kurudi, na ambako wao ni wachache mno, hakuna anayepoteza muda kuwaomba kura. Sisi tukapata mjumbe wetu, mpwa wa Nyaga. Akaleta maji. Fundi wa mabomba alikuja na ramani mkononi, akachimba mtaro mpaka kwenye matoka akaacha hapo, kwa sababu hapo ndipo pesa ya wadi ilipoishia. Bomba la mwisho likafungwa kufuli kwa uamuzi wa kamati, ambayo katibu wake nilikuwa mimi. Wake wa kaka zangu wa ukoo wanapita na mitungi karibu na maji yale wakienda mtoni. Umewaona. Tumewaona sote.

Sasa nafika mahali penye kuniuma, na panakugusa.

Unamkumbuka Wanja, binti wa Njeru, mnaolingana umri. Mwaka ule mlipomaliza kidato cha nne, yeye alikushinda kwa pointi mbili. Nilikuwa kwenye kamati ya basari, ile pesa ya karo ya wadi. Wanja alikuja mpaka mezani kwangu na fomu aliyoijaza vizuri, akasimama na mikono nyuma kama nilivyomfundisha mwenyewe darasa la tatu, maana alisomea huku kwetu kabla hawajaambiwa shule yao ni ile nyingine. Nikatazama sehemu ya wadi. Nikamwambia, "Wanja, hii si ya kwenu. Kwenu ni kule chini."

Akaniita shangazi kwa Kimbeere, akasema, "Kule wamesema zimeisha, Tata."

Nikamwambia pole, sheria ni sheria. Akachukua fomu yake akaikunja mara nne. Jina lako wewe lilikuwa namba tatu kwenye orodha tuliyoipitisha siku hiyo. Ulienda chuo. Sikuambii ili ujisikie vibaya, ulistahili kusoma. Nakuambia kwa sababu ungekaa meza moja na Wanja pale Kamuthiga na ungekuwa mtu pekee asiyejua.

Nilimkuta mwaka juzi nilipokwenda Kiritiri kumzika mwalimu mwenzangu. Anauza ndengu na njugu karibu na pale wanapouzia mbuzi. Nilitaka kupita upande wa pili. Aliniona.

"Tata! Siku mingi. Marigu alimaliza college?"

"Alimaliza."

"Mungu ni mwema. Amepata kazi?"

"Bado anatafuta."

"Atapata tu." Akanijazia mkebe wa Kasuku, ule wa mafuta anaoupimia, mpaka ukafanya mlima, akanifungia kwenye karatasi, akakataa nilipe. Nilipokupikia hizo ndengu ulisema ni tamu kuliko za duka. Nikasema ndiyo, ni za Kiritiri.

Ndiyo hali ilivyokuwa, na pengine ningekufa nayo. Lakini Jumapili iliyopita baada ya ibada, Nyaga alikuja hapa na mkungu wa ndizi kukupongeza. Ulidhani amekuja kwa sababu yako, na kwa kweli alikuja kwa sababu yako. Ulipokwenda kuchemsha chai alinisogelea. Akaniambia kuna maneno kwamba wadi ndogo zitaunganishwa na jirani zao, na yetu haina watu. Tukihesabiwa tulivyo, tutamezwa. Kwa hiyo kamati imekaa, na imeona Kamuthiga warudishwe.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Warudishwe huku?"

"Hao ni ndugu zetu, Mwalimu. Tumeoana nao toka zamani. Wewe mwenyewe si ni ushahidi?"

"Na matoka?"

Akacheka, kicheko cha mtu mwenye meno yote. "Matoka si ni ya shamba lako la kunde tu? Kila mtu anajua. Andika ukweli. Na sasa mtoto wetu atakuwa kwa meza, Mungu amepanga."

Kila mtu anajua. Walijua siku ile, wote waliopanda kilima nyuma yangu. Nimekuwa nikibeba siri ambayo haikuwa siri.

Nilimwambia nitafikiri, jibu langu lile lile. Baba yako ananiambia niandike tu, eti mara hii ni ukweli na utanipunguzia mzigo. Kwa siku tatu nimekuwa nikiyageuza maneno yake kichwani, kwa sababu ni kweli ni ukweli. Leo asubuhi nikichuma kahawa nimelipata jibu, na limeniogopesha. Tulipokuwa hatuwataki walikuwa wageni. Sasa tunataka vichwa vya kuhesabu, wamekuwa ndugu. Hakuna hata mtu mmoja aliyeshuka kuwauliza. Mimi mwenyewe sijui Njeru anataka nini. Pengine amezoea kule. Pengine wametafuta njia yao, wana mtu wao wanayemsimamisha. Nikiiandikia kamati memoranda hii, hata ikiwa na ukweli mtupu, nitakuwa nimemhamisha ndugu yangu mara ya pili bila kumwuliza.

Nyaga atakupigia simu, Marigu. Atakuwa mpole. Atakuita mtoto wetu, atakwambia angalia watu wako. Mimi nilipoitwa hivyo nilisahau jina langu, na sijui wewe utakuwaje, ndiyo sababu moyo wangu hautulii. Ulipojaza fomu ya kazi uliniuliza kutoka jikoni, "Mum, kwa kabila niandike nini?" nikakujibu haraka andika ya baba yako. Kisanduku kilikuwa kimoja. Sina ugomvi na ulichoandika. Lakini kule utakaa mbele ya watu, na nusu yao ni damu yako, na nusu ya wanaokutazama kutoka huku pia ni damu yako, na kila upande utadhani kalamu ni yake.

Sikufundishi kazi. Umefundishwa na waliokuajiri. Nakuambia tu nilivyoiharibu yangu, na niliiharibu kwenye vitu vidogo sana: siku ya mkutano, ukumbi ulipo, nani yuko juu kwenye orodha na nani yuko chini. Hakuna aliyeniambia niandike uongo kwenye ile orodha. Kila jina lilikuwamo.

Siogopi kwamba watakutendea vibaya. Kama wangekuwa watu wa hivyo ningelala. Naogopa kwamba watakupokea vizuri. Umebeba jina la mama yangu. Wazee watakutania kwa kukuita mama yao, watakukalisha, watakuletea uji wa mtama. Njeru atakuulizia afya yangu. Wala hatakuambia kitu, alinyamaza mbele ya watu wote na atanyamaza mbele yako. Utarudi huku mwisho wa mwezi ukiniambia Mum, watu wenu ni wazuri sana, mbona hukuwa ukitupeleka. Singeweza kuvumilia hilo.

Nimeamua hivi, na baba yako hajui bado. Sitaandika memoranda ya kamati. Siku mtakapokuwa Kamuthiga, nitashuka kwa miguu asubuhi mapema. Nitaanza kwa Njeru, hata kama atazungumza nami nikiwa nimesimama nje. Kisha nitakuja mkutanoni na kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya wenyeji wote. Karurini hawatanisamehe, na sijui nitaketi wapi kanisani Jumapili itakayofuata.

Linalonitesa zaidi ni wewe. Karani ambaye mama yake mzazi anatoa ushahidi, na ushahidi wenyewe ni kukiri uongo kwa timu kama hiyo hiyo, anaweza kuambiwa arudi nyumbani. Mwambie mkubwa wako mapema, mwambie yote, asije akayapata kwa Nyaga. Kama watakuondoa, utakuwa umepoteza kazi ya kwanza kwa ajili yangu, baada ya miaka mitatu ya kutafuta, na sitakuwa na cha kukurudishia. Nimelipima hili mpaka kichwa kimeuma. Bado nakuja. Ukinichukia kwa hilo, nitaelewa, lakini unichukie ukiwa unajua kila kitu.

Basi, kama utakuwa bado uko mezani siku hiyo, foleni itasogea na mwishowe utaniona mbele yako. Usiniite Mum. Niulize kama ulivyowauliza wengine: jina, mahali pa kuzaliwa, nasema kwa niaba ya nani. Nitakujibu kwamba naitwa Ciarunji, nimezaliwa hapa hapa Kamuthiga, na nasema kwa niaba yangu peke yangu. Nitasema nilichofanya. Nitasema watu wa hapa waulizwe wenyewe wanataka kuhesabiwa wapi, na wakijibu kwamba hawatutaki, liandikwe hivyo.

Andika kama nitakavyosema, usinisaidie kwa kulainisha. Mkono ukikataa, mpe mwenzako kalamu. Lakini usitoke nje, Marigu. Keti hapo unisikie.